GB 50 dhidi ya GB 30: namba iliyopewa ushindi usio wake

Januari 2025 Sony ilitangaza kwamba kuanzia Februari mwaka huo ingeacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia, pamoja na MiniDisc na kaseti za MiniDV. Habari hiyo ilisambaa na kichwa kimoja tu: Blu-ray imekufa. Tangu hapo kila mjadala wa diski unabeba madai mawili kana kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. La kwanza linasema Blu-ray iliibwaga HD DVD, diski ya filamu ya Toshiba iliyoshindana nayo, mwaka 2008 kwa sababu ilibeba GB 50 na mwenzake GB 30. La pili linasema ujazo huo sasa hauna kazi, kwa hiyo ushindi ule ulikuwa wa bure. Yote mawili yamekosea, tena kwa kosa lile lile la kuutazama ujazo peke yake bila kuuliza kitu kinachojazwa kina ukubwa gani.

Ujazo hauamui shindano kwa kuwa mkubwa. Huamua pale tu hitaji la mtumiaji linapoangukia katikati ya washindani wawili, mmoja akalifikia na mwingine akapungukiwa. Hicho ndicho kizingiti. Wote wawili wakikivuka, gigabaiti zinazobaki ni nafasi tupu, na mshindi hupatikana kwa njia nyingine. Mwaka 2006 HD DVD na Blu-ray zote zilikuwa zimekivuka kizingiti cha filamu ya saa 2. Kilichoipa Blu-ray maisha marefu kilikuwa uamuzi wa kihandisi uliofanywa miaka kadhaa kabla, na faida yake haikuonekana hadi HD DVD ilipokuwa imezikwa miaka 8.

Uamuzi huo ulihusu unene wa plastiki. Kila diski ina ganda angavu kati ya lenzi ya deki na data. Kwenye CD data imelala mgongoni, chini tu ya maandishi ya jina, na leza huvuka milimita 1.2 kuifikia, ndiyo maana CD iliyokwaruzwa upande wa maandishi haiponi, ilhali ile iliyokwaruzwa upande wa chini mara nyingi bado hucheza. DVD ilitengenezwa kwa kubandika sahani 2 za milimita 0.6 kila moja, data ikiwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Wazo hilo la sahani 2 lilitoka kambi ya Toshiba na Time Warner, iliyokuwa ikishindana na Sony na Philips kabla pande hizo hazijakubaliana mwaka 1995 kuwa na DVD moja. Toshiba ilipotaka mrithi wa DVD ikabaki na 0.6 yake. Blu-ray, iliyotangazwa Februari 2002 na kampuni 9, ilishuka hadi milimita 0.1.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Ukubwa wa doa la mwanga linalosoma data hutegemea mambo mawili: urefu wa wimbi la leza, na uwezo wa lenzi kuukusanya mwanga, ambao wahandisi huuandika NA. DVD hutumia leza nyekundu ya nanomita 650 na NA 0.60. HD DVD na Blu-ray zote hutumia leza ya nanomita 405, ila HD DVD ina NA 0.65 na Blu-ray 0.85. Gawanya wimbi kwa NA utapata takriban 1,083 kwa DVD, 623 kwa HD DVD na 476 kwa Blu-ray. Kwa kuwa data hutandazwa kwenye eneo, uwiano huo unauzidisha kwa wenyewe: eneo la doa moja la DVD linameza madoa 3 ya HD DVD, au 5 na ushee ya Blu-ray. Zidisha GB 4.7 za DVD kwa namba hizo, unafika GB 14 na GB 24. Tabaka moja la HD DVD lilibeba 15 na la Blu-ray 25, na diski za GB 30 na GB 50 zilikuwa na matabaka 2. Tofauti ndogo iliyobaki ilitokana na kubana mpangilio na usimbaji wa data. Kwa hiyo wote walikuwa na leza ile ile, na pengo lote lilitoka kwenye lenzi.

Basi kwa nini Toshiba nayo isichukue lenzi ya 0.85? Kwa sababu hakuna diski iliyonyooka kabisa. Ikipinda kidogo tu ndani ya deki, doa huvurugika, na mvurugiko huo hukua kwa kipeo cha tatu cha NA, ukizidishwa na unene wa ganda na kugawanywa kwa urefu wa wimbi. Ukilinganisha na DVD, HD DVD ilikuwa nyepesi kuvurugika karibu mara 2, kiasi ambacho deki iliweza kukisahihisha. Blu-ray yenye ganda la 0.6 ingevurugika mara 4 na nusu, yaani isingesomeka nyumbani kwa mtu. Ilipopunguza ganda hadi 0.1 ikashuka hadi robo tatu ya DVD. Ukitaka lenzi kali, ganda lazima liwe jembamba, hakuna namna nyingine.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Kiwanda cha DVD kiliweza kuongezewa vifaa kikatoa HD DVD, kwa kuwa sahani ni zile zile za 0.6. Blu-ray ilihitaji mtambo mpya wa kupaka au kubandika ganda la 0.1 kwa usawa wa hali ya juu sana, maana kosa la unene hulivuruga doa kwa kipeo cha nne cha NA. Hata ndani ya deki tatizo ni hilo hilo: matabaka ya diski ya GB 50 yako kwenye kina cha mikroni 100, yaani ile milimita 0.1, na 75, na tofauti hiyo ya mikroni 25 inatosha kulichafua doa, kwa hiyo deki inabeba mfumo wa kulisahihisha kila inapohama tabaka. Mfumo huo ukichoka au lenzi ikishika vumbi, dalili yake ni diski ya GB 25 kucheza vizuri huku ile ya GB 50 ikiganda pale pale filamu inapohamia tabaka la pili. Kuna pia suala la mikwaruzo. Mwale wa DVD unapoingia kwenye uso wa diski una upana wa karibu nusu milimita, hivyo punje ya vumbi huziba sehemu ndogo tu ya mwanga. Wa Blu-ray una takriban milimita 0.14, na punje ile ile huziba mengi. Ndiyo maana deki ya kwanza ya kurekodi ya Sony, iliyoingia sokoni Japani Aprili 2003, ilitumia diski iliyofungiwa ndani ya kasha la plastiki. Kasha liliondolewa baada ya kampuni ya TDK kupata rangi ngumu ya kukinga uso. Anayesugua Blu-ray kwa dawa ya meno kama alivyozoea kusugua CD anaisugua rangi hiyo, na chini yake kuna sehemu ya kumi ya milimita tu kabla ya data.

Sasa tuitazame filamu yenyewe. HD DVD iliruhusu picha na sauti kutiririka kwa kasi isiyozidi megabiti 30.24 kwa sekunde. Filamu ya saa 2 ni sekunde 7,200. Ikiwa ingeshika kasi hiyo ya juu mwanzo hadi mwisho bila kupumua, jambo ambalo filamu haifanyi, ingekula GB 27 na kitu. Diski ina 30. Blu-ray iliruhusu megabiti 48, ambazo kwa saa 2 ni GB 43 ndani ya diski ya 50. Kwa filamu ya kawaida, basi, kilichombana mtayarishaji kwanza kilikuwa kasi, na nafasi ilikuwa bado ipo. Zote mbili zilikubali kodeki, yaani njia za kuibana picha, zile zile: MPEG-2, VC-1 na H.264. Na kuna jambo ambalo wanaosimulia ushindi wa gigabaiti hulisahau kabisa: katika miezi ya mwanzo, kati ya Juni na vuli ya 2006, filamu za Blu-ray zilitoka kwenye diski za tabaka moja, GB 25, nyingi zikiwa na MPEG-2 ya zamani inayokula nafasi. HD DVD wakati huo huo ilitoa diski za GB 30 zenye VC-1. Wenye macho makali waliisifu picha ya HD DVD. Mwenye ujazo mkubwa kwenye karatasi ndiye aliyekuwa na ujazo mdogo dukani.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu zake, na inastahili kusikilizwa. Ya kwanza ni historia. Betamax ya Sony ilipoingia mwaka 1975 kaseti yake ya video ilirekodi saa 1. Mshindani wake, VHS, alikuja 1976 na saa 2. Hapo ujazo uliamua kweli, kwa sababu filamu ya sinema ilikaa katikati ya namba hizo mbili, na mwenye Betamax alilazimika kuamka kubadilisha kaseti kabla jambazi hajajulikana. Lakini mfano huu unaunga mkono kizingiti, hauungi mkono ukubwa. Ya pili ni filamu ndefu. Kwa saa 3, HD DVD inabaki na wastani wa megabiti 22 kwa sekunde na Blu-ray 37. Ongeza sauti isiyobanwa ya njia 6, ambayo kwa biti 24 inakula megabiti 6.9 kila sekunde, na HD DVD inaanza kubana mkanda. Hapo kulikuwa na tofauti halisi, ila kwa sehemu ndogo ya maktaba za studio. Ya tatu ni michezo ya kompyuta, na hii naikubali bila masharti. Xbox 360 ya Microsoft ilibaki na DVD ya matabaka 2 yenye GB 8.5, na michezo mikubwa ikagawanywa kwenye diski 3 au 4, mchezaji akiombwa abadilishe katikati. PlayStation 3 ya Sony ilikuwa na diski moja ya Blu-ray. Kizingiti cha michezo kilikuwa juu ya DVD, na Microsoft yenyewe ilipotoa Xbox One mwaka 2013 ilitia Blu-ray ndani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayodai kwamba HD DVD ingeokolewa na diski yake ya GB 51. Toshiba iliitangaza kweli mwaka 2007: matabaka 3 ya GB 17 kila moja, namba iliyochaguliwa wazi ili ipite 50 kwa kidole kimoja. Tazama ilichohitaji. Kila tabaka libanwe zaidi ya 15 ya awali. Tabaka la tatu lisomwe kwa mwanga uliokwisha kuvuka mengine 2 na kupungua kwenda na kurudi. Na deki zilizokwisha kuuzwa hazikuwa na uhakika wa kuisoma, ilhali kitu pekee ambacho HD DVD ilikuwa nacho kuwazidi wenzake ni deki za bei rahisi zilizokuwa tayari majumbani. Upande wa Blu-ray nao ulikuwa na maonyesho yake: TDK ilionyesha sampuli ya GB 200 mwaka 2006 na Pioneer ya GB 400 yenye matabaka 16 mwaka 2008. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobeba filamu hadi dukani. Diski ya maabara haijazwi na mtu.

Mshindi alipatikana kwa hesabu za biashara. Deki ya kwanza ya Toshiba ilianza kuuzwa Marekani Aprili 2006 kwa dola 499; ya Samsung ya Blu-ray ikaja Juni kwa dola 999. Kwa bei peke yake HD DVD ilistahili kushinda. Lakini Novemba mwaka huo Sony iliingiza PlayStation 3 kwa dola 499 na 599, ikikubali hasara kwa kila moja, na kila mchezaji aliyeinunua akawa na deki ya Blu-ray hata kama hakuitaka. Microsoft iliuza kifaa cha HD DVD cha Xbox 360 kando, kwa dola 199, na kitu kinachouzwa kando hununuliwa na wachache. Studio zilihesabu vichwa. Disney na Fox zilikuwa na Blu-ray, Fox ikivutiwa hasa na kinga ya ziada dhidi ya kunakili iitwayo BD+ ambayo HD DVD haikuwa nayo. Universal ilikuwa na HD DVD, na Paramount ikahamia huko Agosti 2007. Januari 4, 2008 Warner, iliyokuwa ikitoa kwa mifumo yote miwili, ikatangaza kubaki na Blu-ray tu. Februari 15 Walmart ikaitupa HD DVD, na Februari 19 Toshiba ikasalimu amri. Katika mlolongo huo wote hakuna hatua iliyochukuliwa kwa sababu filamu fulani haikuenea kwenye GB 30.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kusikitikia mwisho ule. HD DVD haikuwa na kufuli ya kanda. Diski iliyonunuliwa popote ilicheza popote. Blu-ray iliigawa dunia kanda 3, Afrika ikawekwa B pamoja na Ulaya, kwa hiyo diski ya Marekani yenye kufuli ya kanda A inagoma kwenye deki iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam kihalali. Hilo lilikuwa na uzito kwa mnunuzi kuliko zile GB 20 za ziada. Isitoshe, huku kwetu ujazo ulikuwa na maana nyingine. DVD zilizouzwa Kariakoo na River Road zikiwa na filamu 10 hadi 20 kwenye diski moja zilitumia GB 4.7 zile zile kutafuta wingi. Kila filamu ilipata megabaiti mia chache, na kwenye runinga ndogo ilitosha. Kizingiti kilikuwa chini, na Blu-ray ilipofika haikuwa na pengo la kuziba. Flashi ndiyo iliyokuja kuziondoa zile DVD.

Faida ya ganda la 0.1 ilikuja 2016. Filamu za 4K, zenye picha kali kuliko HD, kwenye diski, kwa mfumo wa Ultra HD Blu-ray, hutumia diski za GB 66 au 100 pamoja na zile za 50, na kasi inayofika megabiti 128 kwa sekunde. Chukua kasi ya wastani tu, megabiti 60, kwa saa 2: hizo ni GB 54. Hapa ndipo kizingiti kilipohama. GB 30 hazifiki, na hata zile 51 za karatasini hazifiki. Blu-ray ilifika kwa kubana kila tabaka hadi GB 33 na kuongeza la tatu, kwa lenzi ile ile ya 0.85 na ganda lile lile. Kama HD DVD ingeshinda mwaka 2008, 4K ingehitaji mfumo mpya kabisa wa diski katika miaka ambayo kampuni zilishaanza kuiacha diski, na naamini usingetengenezwa. Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K. Kwa saa 2 hizo ni GB 13.5, na zingeenea kwenye tabaka moja la HD DVD ya 2006. Kodeki za sasa hufanya mengi kwa biti chache, hilo ni kweli, lakini moshi, mvua na giza vinavyokatika vipande vipande kwenye skrini ni biti ambazo hazikutumwa.

Turudi kwa tangazo la Sony. Lilihusu diski za kuchoma, na diski za filamu hazichomwi. Hizo hugongwa kiwandani kwa muhuri, vishimo vikibaki kwenye plastiki yenyewe. Diski tupu ina tabaka la kemikali ambalo leza ya kompyuta hulibadilisha. Ni bidhaa mbili zenye wateja wawili, na kizingiti kimoja kimesimama huku kingine kikikimbia. Filamu bado ni saa 2, na GB 100 bado zinaitosha. Lakini mpiga picha wa harusi anayerekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa. Kamera 2 kwa saa 6 ni GB 540, yaani diski 22 za GB 25 kwa harusi moja. Diski kuu ya nje ya terabaiti 1 inazibeba mara moja na nafasi inabaki. Kilichozishinda diski za kuchoma ni hesabu hiyo.

Kwa hiyo mwenye filamu za Blu-ray hana cha kukimbilia. Mwenye kumbukumbu alizochoma mwenyewe ndiye anayepaswa kuanza kazi, na aanze na zile zilizoandikwa LTH, ambazo tabaka lake ni rangi ya kikaboni kama ya CD na DVD za kuchoma na huchoka upesi kwa mwanga na joto. Zile za kawaida, zenye tabaka la madini, zinaweza kusubiri. Kwa kasi ya 4x, sawa na megabaiti 18 kwa sekunde, diski ya GB 25 husomwa kwa dakika 23, kwa hiyo diski 100 ni saa 38 hadi 39 za kompyuta bila kuhesabu kubadilisha. Nakili kwenye diski kuu 2 tofauti, kokotoa alama ya uhakiki (checksum, namba inayobadilika faili ikibadilika) ya kila faili upande wa nakala na ulinganishe na ya asili kabla hujaiweka diski kando. Diski ikikwama asilimia fulani, punguza kasi hadi 2x na ujaribu kwa kiendeshi kingine. Viendeshi hutofautiana sana katika kusahihisha doa kwenye tabaka la pili, na faili inayogoma kwenye kimoja mara nyingi hufunguka kwenye kingine. Zikishanakiliwa, zirudishe kwenye kasha zikiwa zimesimama wima, mbali na dirisha, na kiendeshi kilichozisoma vizuri kihifadhi pamoja nazo.